Mshona Vitabu na Kurasa Kumi na Sita

Hebu mwone anavyokuja. Ni saa mbili na nusu asubuhi, wanafunzi wamekwisha kuingia madarasani, na uwanja wa shule umebaki na vumbi lake tu. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, kilemba kimefungwa kwa haraka, anapita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu bila kugeuka. Kwapani amebana kopo la gundi kama mtu aliyeiba kuku. Mkono wa kushoto umeshika mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko mna sindano tano, kibonge cha nta, mkasi na uzi mweupe. Anafika mwisho wa korido, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya chaki na mafagio, anaingiza ufunguo, anasukuma mlango kwa nyonga. Lakini haingii. Anasimama kwanza, anasikiliza. Zamani hakuwa na tabia hiyo. Imeanza muhula huu, na sababu yake ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Watoto wanamwita Bibi Sindano. Miaka ishirini na saba alishona vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, mpaka siku ilipoletwa mashine ya kushona, yeye akapewa saa ya ukutani na asante. Saa yenyewe haikumaliza wiki. Binti yake, anayefundisha hesabu katika shule hii, ndiye aliyemvuta huku.

"Mama," alimwambia, "tuna maboksi kumi na moja ya vitabu vya msaada, na wasomaji wake hadi sasa ni panya. Badala ya kukaa nyumbani kugombana na redio, njoo uvitibu."

Akaja. Alivikuta katika hali ya kusikitisha. Kitabu huisha kama kandambili, huanza kuliwa kisigino: kurasa za nyuma ndizo hutoka kwanza. Vingi vilikuwa na mwanzo mzuri, katikati pa kuchangamsha, halafu hakuna. Akavishona hivyo hivyo, akavipanga rafu ya chini, akaiita rafu ya vilema.

Siku moja msichana wa darasa la nne alimrudishia kilema kimoja huku machozi yakimlengalenga. "Bibi, hakina mwisho."

"Najua, mjukuu wangu. Sasa wewe unadhani iliishaje?"

Yule mtoto akafuta pua kwa mkono wa sare, akafikiri, akaanza kueleza. Bibi Sindano akavuta karatasi, akaandika alichoambiwa, mbele na nyuma, kwa ule mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima kama za chapa. Huo ukawa utaratibu. Anayesoma kilema anakuja mezani peke yake, anamnong'oneza Bibi mwisho anaoufikiri, Bibi anaandika karatasi moja na kuitia kwenye bahasha ya kitabu hicho. Hakuna anayeona cha mwenzake. Muhula ukikaribia kwisha, miisho yote husomwa mbele ya darasa, watoto hunyoosha mikono, na ulioshinda hushonwa ndani ya kitabu, na chini yake jina la mtungaji.

Wewe mwenyewe unajua, huwezi kusema mwisho wa jambo usilolijua mwanzo. Ikabidi wasome. Watoto walioona kitabu kama adhabu wakaanza kugombea vilema wakati wa mapumziko, na vitabu vizima, vyenye afya yake, vikabaki rafuni vinapigwa na vumbi. Mwalimu mkuu akawa anawapitisha wageni pale kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

Ila kinyozi hajinyoi. Mjukuu wake wa damu, mtoto wa huyo binti yake mwalimu, alikuwa hataki kitabu hata cha kuwekea kikombe. Ana miaka kumi na mmoja, anaongoza timu ya mpira ya wasichana, na shule nzima humwita Kapteni. Hata akiketi, mguu wake wa kulia hautulii, unapigapiga sakafu kana kwamba mpira uko chini ya meza. Bibi alimjaribu kwa kila njia. Alimsomea kwa sauti, mtoto akalala. Alimletea gazeti la michezo, akaangalia picha, akalifanya mpira.

"Bibi, kitabu hakina goli," alimwambia. "Unakimbia na maneno weee, mwisho hamna hata kipenga."

Bibi Sindano alicheka, lakini moyoni liliuma. Jioni, akiwa anaosha gundi vidoleni, alikuwa akiomba jambo moja tu: kabla sijafumba macho, nimwone mtoto huyu anaomba kitabu kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa katika boksi la tisa kilitoka kitabu cha rangi ya kijivu, chenye jalada gumu, bila picha. Jalada halikuwa limelegea, kwa hiyo Bibi hakulifungua mgongoni. Alikifuta vumbi, akaona kimepungukiwa na mwisho, akakiweka na vilema wenzake. Kilisimulia habari za msichana aliyetumwa na mama yake kurudisha ufunguo kwenye nyumba iliyo mwisho wa njia. Anaingia, anakuta vyumba vingi, na katika kila chumba mtoto ameketi kitini, ameupa mlango mgongo. Anawasalimu, hawageuki. Anakwenda chumba hadi chumba akitafuta wa kumpokea ufunguo. Na ukurasa wa mia moja na kumi na mbili unakwisha katikati ya sentensi: "Akauweka mkono wake juu ya". Basi.

Wa kwanza kukileta mezani alikuwa mvulana wa darasa la tano waliyemwita Meno kwa sababu mawili ya mbele hakuwa nayo. Alikuwa mtoto wa fujo, mwenye maneno kama pilipili, lakini siku hiyo alisimama wima, akatazama ukuta, akasema bila kukwama: "Juu ya kitasa, nacho kilikuwa na joto, kwani aghalabu kilishikwa."

Bibi Sindano akaandika mpaka karatasi ikajaa pande zote mbili. Meno akanyamaza pale pale nafasi ilipokwisha. Halafu akakuna kichwa.

"Bibi, aghalabu ni nini?"

"Si umelisema wewe?"

"Nimelisema, ndiyo. Lakini ni nini?"

"Ni mara nyingi, baba. Nenda kacheze."

Akadhani labda amelisikia kwa babu yake. Watoto huokota maneno kama wanavyookota mafua. Akaitia karatasi kwenye bahasha, akasahau.

Wa pili alikuwa msichana wa darasa la saba anayewasuka wenzake wakati wa mapumziko, waliyemwita Msusi. Wakafuata wengine watano, madarasa mbalimbali, kila mmoja kwa wiki yake. Wote walisimama vile vile, wakatazama ukuta ule ule, na maneno yao yakakoma karatasi ilipokoma. Bibi Sindano mkono wake ulikuwa unaandika huku akili yake iko kwenye gundi inayokauka. Hakuunganisha moja na jingine.

Mpaka Ijumaa moja adhuhuri, muhula ukielekea ukingoni, alipoitoa ile bahasha ili apange kazi za kusoma darasani. Karatasi ya Meno iliishia hivi: "akaona ngazi, akaanza kuhesabu vipandio". Akaiweka kando, akachukua ya Msusi. Nayo ilianza: "vikawa kumi na vitatu, na cha kumi na nne hakikuwepo".

Alisoma tena. Akachukua ya tatu. Ilianzia pale ya pili ilipokatika. Ya nne ikashika mkia wa ya tatu. Alipofika ya saba, nje jua lilikuwa kali, watoto wanapiga kelele, muuza maji anagonga kopo lake getini. Ilikuwa hadithi moja. Huwezi kuchomeka hata nukta. Na Meno na Msusi, kwa taarifa yako, hawakuwa wanasemezana tangu Meno aziite nywele za yule binti kiota.

Akamwita Meno.

"Niambie kweli, mwanangu, sitakugombeza. Mmepangana na wenzako?"

"Kupangana nini, Bibi?"

"Hii hadithi ya nyumba."

Mtoto akamtazama kama anayemwonea huruma. "Hadithi haipangwi, Bibi. Ipo."

Meno alipoondoka, Bibi Sindano alifanya jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu mwanzo. Akachukua kisu chake chembamba, akalifungua jalada la kijivu mgongoni, akaangalia mshono.

Hapa niwie radhi nikueleze kidogo kazi yenyewe. Kiwandani karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, kisha hukunjwa mara tatu, inakuwa kurasa kumi na sita. Huo wanauita mkunjo. Kitabu ni mikunjo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine na kushonwa mgongoni. Kitabu kilichochanika huonyesha jeraha: nyuzi zinaning'inia, kuna masalia ya karatasi. Hiki hakikuwa na jeraha lolote. Mikunjo saba, yote salama, na baada ya wa saba fundo la mwisho limefungwa vizuri. Hakikupoteza mwisho. Kilizaliwa bila mwisho.

Na fundo lile lilikuwa limelalia upande wa kulia. Wenye kutumia mkono wa kulia, fundo lao hulalia kushoto. Kiwanda kizima alikuwepo mshonaji mmoja tu wa mkono wa kushoto, naye ni yeye.

Akakumbuka. Alikuwa kijana, ana mimba ya huyu binti aliye mwalimu sasa, na usingizi wa mimba unaujua au umesimuliwa. Mezani kulikuwa na marundo saba ya mikunjo, na la nane mtu alilifunika kwa gunia pembeni ya mlango. Akazunguka meza, akakusanya, akashona, siku tatu, vitabu mia tatu. Siku ya nne, vimekwisha kupakiwa na kuondoka, akafunua lile gunia. Msimamizi wao alikuwa mtu wa kufukuza kazi kwanza, kuuliza baadaye. Basi yule kijana mwenye mimba akachukua rundo la nane kidogo kidogo, akalitia kwenye jiko la kupikia gundi, mpaka likaisha. Hakusoma. Alijizuia kusoma. Ila karatasi moja ilijikunja motoni ikamgeukia, na kabla haijawa nyeusi macho yake yaliokota maneno matano: mlango ukafungwa na mkono mdogo.

Alingoja malalamiko mwezi mzima, miezi miwili. Hakuna msomaji hata mmoja aliyeuliza mwisho uko wapi. Akajifungua, akaendelea na maisha, na siri ile hata mumewe hakumwambia, mpaka akamzika.

Sasa akiwa chumbani kwake shuleni, akiwa na miguu inayomwuma na miwani inayoteleza, alivuta karatasi ya tano, ile ya mtoto mdogo kuliko wote, wa darasa la tatu. Katikati ya ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na maneno hayo matano.

Karatasi saba, pande mbili mbili, ni kurasa kumi na nne. Mkunjo una kumi na sita. Ilibaki karatasi moja.

Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kusikiliza mlangoni. Kwa sababu wale watoto saba, baada ya kusema kipande chao, hawakurudi kuwa kama walivyokuwa. Wakawa wasomaji. Usinielewe vibaya, ndicho alichokitaka. Lakini walikuwa wakija saa ya mapumziko, wanaketi kwenye benchi refu linaloelekea ukuta, wote saba, kwa mfuatano ule ule waliokuja mezani: Meno wa kwanza, kisha Msusi, hadi wa saba. Kila mmoja na kitabu chake, vitabu tofauti kabisa. Na kurasa walikuwa wakizigeuza kwa pamoja. Sauti moja, shaa. Kimya. Shaa. Mwisho wa benchi ilibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna mtoto mwingine aliyewahi kuikalia, hata siku chumba kilipojaa wengine wakaketi sakafuni.

Mwalimu mkuu alichungulia, akasimama kwa furaha. "Bibi, hii nidhamu umeitoa wapi? Meno huyu huyu?"

"Mwalimu, huoni kitu?"

"Naona watoto wanasoma. Kwani wewe unaona nini?"

Angejibu nini? Kwamba watoto wanasoma mno?

Jumatatu moja, Kapteni aliingia kwa kishindo, mpira kwapani, soksi moja chini. Aliegemea meza ya bibi yake, mguu wa kulia ukianza ngoma yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo kulikoni, mpira umetoboka?"

"Nataka kitabu."

Bibi Sindano sindano ilimponyoka. Miaka mitatu ya maombi, na jibu limekuja na magoti yenye vumbi. "Kitabu gani, mama?"

"Kile cha nyumba. Cha kijivu."

"Nani kakwambia habari zake?"

"Hakuna. Nakitaka tu."

"Hicho nakitengeneza. Chukua kingine, kuna cha wanariadha hapa, kina mbio tupu."

"Basi." Kapteni akauweka mpira chini, akaupiga kidogo kuelekea mlangoni. "Ukinipa kile, nitasoma. Usiponipa, usinilazimishe tena maisha yangu yote. Tumekubaliana?"

Jioni hiyo Bibi Sindano alimkalisha binti yake jikoni, akamweleza yote, hata la jiko la gundi. Binti yake alisikiliza huku akisahihisha madaftari, kalamu nyekundu ikipita: kosa, sawa, kosa.

"Mama, mtoto ameomba kitabu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Wewe unataka kumnyima kwa sababu ya bahasha?"

"Umewaona wale saba kwenye benchi?"

"Nimewaona. Wamefaulu hesabu wote."

"Hawageuki, mwanangu. Nikiwaita, hawageuki."

Binti yake akaweka kalamu juu ya daftari. Kisha akasema polepole, "Na mimi nikisoma kitu kitamu, ukiniita nageuka?"

Usiku ulipita, na asubuhi Bibi Sindano akafanya kosa la pili katika maisha yake juu ya kitabu kile kile. Utaratibu wake haukuwahi kuruhusu mwisho utungwe na mtu mzima. Yeye akavuta karatasi ya nane, akatunga mwenyewe. Karatasi ya saba ilikuwa imeishia: "katika chumba cha mwisho kiti kilikuwa kitupu, na mbele ya kiti palikuwa na". Yeye akaandika dirisha. Akamfanya msichana alifungue, upepo ukaingia, watoto wote wakainuka vitini, wakakimbilia nje kucheza hadi wakaitwa na mama zao. Mwisho mzuri, wenye jua. Akazifunga karatasi nane kwa pamoja, akatia uzi nta, akazishona mahali ambapo zingekuwa tangu miaka ile. Sindano ilipita bila kukwama hata mara moja. Akampa mjukuu wake kitabu kizima.

Kapteni alisoma Jumatano njia nzima ya kwenda nyumbani, akijikwaa mawe. Alisoma akila. Alhamisi hakwenda mazoezini, na timu nzima ilisimama uwanjani inashangaa, kipa akiwa na glavu mikononi na hakuna wa kumpigia. Bibi Sindano alimwona kwa mlango ulioachwa wazi, amejikunja kitandani, midomo ikicheza na maneno, na hakika moyo wake ulijaa kama mtungi chini ya bomba. Hii ndiyo sura aliyoiomba. Akajiambia, mama mjinga we, ulikuwa unaogopa nini?

Ijumaa saa nne, saa ya mapumziko, mtoto akaingia chumbani na kitabu. Wale saba walikuwa kwenye benchi. Shaa. Kimya. Kapteni hakwenda kwenye benchi. Alikuja mezani, akakifungua kitabu mwisho, akaweka kidole.

"Bibi, hapa pa dirisha umeandika wewe."

"Mwandiko wote si ni wangu?"

"Mwandiko, ndiyo. Lakini huko nyuma kote anayesimulia haogopi. Aliyeandika hapa anaogopa."

Bibi Sindano akafunika kopo la gundi. "Kimekupendeza, lakini?"

"Sijawahi kupenda kitu hivi," Kapteni alisema, na alikuwa anasema kweli, macho yake yalikuwa yanang'aa. "Nataka kusoma vyote, Bibi. Rafu yote. Nianzie juu au chini?" Mguu wake ulikuwa unapiga sakafu, tap tap tap. "Ila kwanza turekebishe hiki. Hapakuwa na dirisha. Nikwambie palikuwa na nini?"

Bibi Sindano akagundua kwamba kwa muda sasa hajasikia kurasa zikigeuzwa. Wale saba bado walikuwa wametazama ukuta, lakini vidole vyao vyote vilikuwa vimeshika ncha ya ukurasa, vikingoja. Mezani palikuwa na karatasi nyeupe, na kalamu tayari iko katika mkono wake wa kushoto, hakumbuki aliichukua lini.

Kapteni akasimama wima, akainua uso akatazama ukuta. Mguu wa kulia ukatulia.

Haya, msomaji wangu, wewe uliyefika nami hadi hapa bila kulazimishwa. Huyu ni mtoto aliyeomba kitabu mara moja tu, na mtoto akinyamazishwa mbele ya kitabu anachokipenda huenda asifungue kingine tena. Ungekuwa wewe umeketi kwenye kiti cha Bibi Sindano, ungeandika, au ungemziba mdomo?